Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: mabati yatoke uwanjani

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,

YAH: MABATI YALIYOZUNGUSHWA KWENYE ENEO LA WAZI LA MTAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sikupenda kukuandikia hadharani, ila ofisini kwako tumeambiwa "njooni wiki ijayo" mpaka mlinzi anatuita kwa majina.

Jumapili jioni mtoto wa jirani yangu amegongwa na bodaboda akikimbilia mpira. Amefungwa hogo. Dereva wameshamtukana vya kutosha, mimi simuongezei. Zamani mpira ukitoka ulikuwa unaishia kwenye nyasi. Leo upande huu mabati, upande ule barabara.

Baada ya mtoto kupelekwa hospitali nilibaki pale mpaka giza likaingia. Nikusimulie, maana tangu kampeni hujapita. Muuza kahawa kasukumwa hadi ukingoni mwa mtaro, wateja wake wanakula kashata wamekunja miguu wasichovye viatu kwenye maji machafu. Wazee wa drafti wameweka ubao juu ya ndoo ya rangi. Kete ni vizibo vya soda, mmoja vyake vimelala kifudifudi, mwenzake chali. Kubishana kwao kuko pale pale, nafasi tu ndiyo haipo. Watoto walirudi kwenye chandimu yao, tofali mbili goli, kama vile hakuna aliyeumia. Ilipoadhiniwa magharibi wengine wakaenda kuswali, waliobaki wakawasha tochi za simu. Ile nguzo ya taa uliyoahidi ipo, tunashukuru. Taa ndiyo bado.

Mheshimiwa, mtaa huu haukujiotea. Ulipimwa miaka ya 1970 katika mradi ule ule wa viwanja uliozaa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kwenye ramani pale ni eneo la wazi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 nayo ipo, sidhani kama imefutwa usiku. Lakini mabati hayana kibao, hayana jina, hayana hata namba ya simu. Wapo wanaosema ni maegesho ya baa. Mimi nahisi ni fremu za maduka, kwa sababu mchanga na tofali vimeshashushwa, tena saa nane za usiku. Mwenye kibali anamkwepa nani saa nane za usiku?

Mimi nina sukari. Daktari kaniambia nitembee kila jioni. Nitembee wapi? Nyumba tunayopanga tumejaa familia juu ya familia, uani ni kamba za nguo na mapipa ya maji. Watoto nikiwafungia ndani wanapigana, nikiwatoa roho iko barabarani. Joto la Dar unalijua. Samahani, wewe una kiyoyozi. Mke wangu alikuwa akikaangia vitumbua pale pale penye mabati. Wateja wamekatika, kodi ya nyumba haijakatika.

Ulisimama juu ya kiti cha plastiki cha huyo huyo muuza kahawa ukatuahidi mabenchi, taa na choo. Mabenchi tumesamehe. Choo tumesamehe. Hata taa, tutaendelea na simu zetu. Mabati tu, mheshimiwa. Yatoke sasa, kabla msingi haujachimbwa, maana ukuta ukishasimama tutaanza kuambiwa suala liko mahakamani. Kama yana kibali, kibandikeni tukisome. Kama hayana, wale mgambo hodari wa kukimbizana na mama wa mihogo njia ya pale wanaijua.

Mabati yatoke. Sina ombi lingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba cha uani

Nakala: Mtendaji wa mtaa, ambaye dirisha la ofisi yake linatazamana na mabati hayo.