Mjomba, sasa nimekuelewa

La Paz, Bolivia

Mjomba, shikamoo.

Natumaini wote wazima hapo Marangu. Mimi nimeshapona, ndiyo maana naandika. Mama usimsomee, atataka nirudi kesho.

Unakumbuka nilivyowacheka wageni wako unaowapandisha Kilimanjaro, mibaba ya miraba minne, wakitapika pale kambi ya Horombo? Nimelipa. Kazi imenileta huku kutoka Santa Cruz, mji wa joto kama Tanga, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ndege saa moja tu, ikatua El Alto, mji ulio juu ya La Paz, mita 4,060. Horombo ni 3,720, na wewe wageni unawafikisha siku ya pili. Mimi nimeipita nimeketi, natafuna karanga.

Mwanzoni nilijiona mzima. Chumba nimepewa hukohuko El Alto. Nikafungua losheni, ikanitemea usoni. Hewa ya Santa Cruz ilikuwa imejibana humo. Nikacheka. Jioni nainama kufunga kamba za viatu, nahema kama nimebeba gunia. Usiku ndiyo kasheshe: kichwa kinagonga, tumbo linakataa hata maji, na kila nikipitiwa na usingizi nashtuka, kumbe pumzi ilisimama kidogo. Ugonjwa huu wa mwinuko wenyeji wanauita soroche. Wakanipa chai ya majani ya koka. Mwili ulipata joto, kichwa wala hakikujali.

Mwenzangu kazini akanishauri nikakimbie ili mwili uzoee, kijana wa mazoezi kama mimi! Nikakukumbuka wewe: mlima hauangalii misuli, na anayeumwa hapandishwi. Asubuhi nikafanya kile kipimo chako, kisigino mbele ya kidole, nikifuata mstari wa vigae. Sikuyumba. Ningeyumba, au ningekohoa povu, ningeomba kushushwa palepale.

Hata hivyo nilishuka. Huku kuna vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya juu ya mapaa, tangu 2014. Nikapanda njia ya njano, nikabadili ya kijani hadi Irpavi, mita 700 na zaidi chini ya uwanja wa ndege. Mwenye pesa huku hujenga bondeni, anafuata hewa. Nikalala huko siku tatu. Ya pili nikamaliza bakuli mbili za supu.

Jumamosi wenzangu wanakwenda mlima Chacaltaya, zaidi ya mita 5,000, tena kwa gari. Nimewaambia watangulie.

Mjomba, kile kidude cha kupima oksijeni unachowabana wageni kidoleni, pale Horombo kwa kawaida kinasoma ngapi?

Wako mpwa.