Mwaka wa Bastola: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Mafundi wenzangu wa nakshi, assalaam alaikum.

Nianze na yale mafupi. Vikao vyetu vya kila mwezi vilifanyika vyote, isipokuwa cha Ramadhani. Ada bado ni donda ndugu: wapo wanaokunywa kahawa ya chama mwaka mzima na kwenye daftari la mhazini hawana hata alama moja. Mhazini atasoma hesabu baada yangu, na nimempa ruhusa asome na majina.

Sasa nije kwenye lililotukalisha hadi usiku. Mliamua kila mwaka tuchague kazi moja ya fundi wa mbali, tuichambue kama tunavyochambua mlango wa Lamu. Tukaangukia bastola. Wako walionung'unika, sisi na bastola wapi na wapi? Nami nilikuwa mmoja wao.

Bastola yenyewe ni ya kampuni ya Smith & Wesson, ya Springfield huko Massachusetts. Mwishoni mwa 1871 alifika pale kiwandani Alexei Alexandrovich, mwana wa Tsar (mfalme) Alexander II wa Urusi, kijana wa miaka 21. Kwao alikuwa ameacha mambo: alizaa na Alexandra Zhukovskaya, binti wa mshairi Vasily Zhukovsky, na wengi husema safari ile ya ng'ambo ilikuwa njia ya baba kuwatenganisha. Kampuni ikamtunza bastola ya nakshi, mpini umevikwa gamba la chaza wa lulu. Haikuwa sadaka. Mwaka huohuo Urusi iliagiza bastola 20,000 kwa jeshi lake, na maagizo yakaendelea miaka iliyofuata. Kila sonara anaijua hesabu hiyo: pete moja ya bure kwa mama wa bibi harusi, harusi nzima ikahamia dukani kwako.

Fundi aliyeitia nakshi ni Gustave Young, mzaliwa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, aliyechora bastola za kampuni ya Colt mjini Hartford miaka mingi kabla ya kuhamia Springfield. Wanawe Oscar na Eugene wakashika patasi ya baba yao. Tulipoziangaza picha za kazi zake ukutani, baraza lilinyamaza. Shina moja linapinda, linatoa tawi, tawi linajikunja, na uwanja wa nyuma umejaa vitone vilivyogongwa kimoja kimoja mpaka jani linanyanyuka. Mzee wetu wa fedha alisogea hadi kivuli chake kikafunika nusu ya picha, akaweka kidole penye mpindo: "Hapa hakuinua mkono." Tulibishana nusu saa. Kumbukeni kuwa hicho ni chuma, tena cha mviringo, wala si ubao uliolala mezani.

Na mwenye bastola je? Januari 1872, siku aliyotimiza miaka 22, alipelekwa Nebraska kuwinda nyati wa Marekani, pamoja na majenerali wa Marekani Sheridan na Custer, na Spotted Tail, mkuu wa Walakota, wenyeji asilia wa nchi ile, akiwa na watu wake. Buffalo Bill Cody, mwindaji mashuhuri wa nyati aliyewaongoza, alisimulia kwamba mwana wa Tsar alimkaribia nyati hatua chache tu, akamimina risasi sita za bastola na zote zikapotea. Akapewa bastola nyingine, sita tena, patupu. Ikabidi Cody amwazime bunduki yake ndefu, ndipo mnyama akaanguka. Cody alikuwa mtu wa chumvi, pokeeni kwa kipimo.

Baadaye Alexei alilisimamia jeshi la majini la Urusi tangu 1883. Meli zake ndizo zilizotia nanga Nossi-Bé, Madagaska, mwanzoni mwa 1905, zikangoja pale kama miezi miwili kabla ya kwenda kuangamizwa na Wajapani katika vita vya bahari vya Tsushima mwezi Mei. Akajiuzulu mwaka huohuo, akafia Paris 1908.

Lakini lililobaki na mimi ni lile jina la Young. Nyumbani nina kisanduku cha fedha cha marehemu bibi yangu. Nimekigeuza mara mia, chini, ndani ya kifuniko, hata kwenye bawaba, nikitafuta nani alikifanya. Hakuna kitu. Bibi alijua uzito wake na bei yake, fundi hakumjua.

Kwa hiyo kikao cha mwisho kiliazimia, na nawaomba leo mpitishe, kwamba kila mwanachama awe na alama yake na aipige kwenye kila kazi inayotoka mkononi mwake, mahali pasipoharibu sura. Bamba la shaba la kuhifadhi alama zote liko mezani kwa katibu, na nyundo iko pembeni yake. Piteni kabla ya chai. Mhazini amekaa kiti cha pili kutoka hapo.

Mwenyekiti