Inchi 2 zinakutosha

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ya kuuliza uliinue gari lako kiasi gani nimeisoma, na picha za lile gari lililoinuliwa inchi 4 nimeziona. Linapendeza, sibishi. Ila gari lako ndilo linalokupeleka kazini na kuwarudisha watoto kutoka shule. Porini unaingia mara mojamoja. Inua inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, usizidishe.

Kabla ya kimo, tuongee uzito, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Springi huchaguliwa kwa mzigo pia. Iliyotengenezwa kubeba bampa la chuma na winchi (ile mashine ya kuvuta gari kwa kamba), ukiifunga kwenye gari tupu itakurusha kama mkokoteni, na gari litapanda juu kuliko ulivyoahidiwa. Ile laini nayo, ukiibebesha matangi ya maji na masanduku ya vifaa, italala, na inchi ulizolipia huzioni tena. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa na mzigo wa siku zako za kawaida, lipimwe mbele peke yake na nyuma peke yake. Ukiwa na namba hizo, muuzaji hakubabaishi.

Nunua springi pamoja na shokapu zake, zile zinazotuliza mdundo wa springi. Vile vipande vya kuchomeka juu ya springi ya zamani ni rahisi, lakini springi iliyochoka inabaki imechoka, na shokapu inabaki fupi: gurudumu likizama shimoni, inafika mwisho wake na kugonga. Habari ya kuinua bodi tu juu ya chasisi, ile fremu ya chuma chini yake, usinitajie kabisa: chasisi na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, vinabaki palepale.

Na hili wauzaji hulipitia harakaharaka: ekseli yako ya nyuma ni ile ya kipande kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, kwa hiyo difu yake haitapanda hata milimita. Springi inainua chasisi. Difu inainuliwa na tairi, tena kwa nusu ya tofauti. Ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda 33, umepata inchi 1 tu chini ya difu. Papo hapo spidomita itaanza kusoma pungufu na injini itavuta kwa taabu. Mimi ningebaki na saizi ya sasa mpaka tairi hizi zichakae.

Mbele, kila gurudumu linajitegemea, hivyo shafti zinazoyazungusha zitakaa mshazari zaidi. Inchi 2 zinavumilika; zaidi ya hapo jointi na mipira yake huchakaa mapema. Fanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu, siku hiyohiyo, na uulize hasa kuhusu kasta, ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Ikipungua, usukani utatangatanga ukiwa kasi. Isiporudi ndani ya vipimo, badilisha mikono ya juu inayoshika magurudumu ya mbele.

Fundi akifunga, simama karibu. Bolti za bushi, zile bomba zenye mpira kwenye maungio, zikazwe mwisho, gari likiwa chini limebeba uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, gari likishushwa mpira wa bushi unajisokota na haudumu. Akague paipu za breki zisivutike, ashushe taa zisipofushe wenzako barabarani. Kona utazipunguzia mwendo kidogo, hilo halina dawa. Watu wa bima waambie kabla ya kufunga chochote.

Nitumie uzito wa mbele na nyuma ukishapima. Uniambie pia kama winchi bado unaitaka, maana sitaki tuchague springi za mbele leo halafu baada ya miezi michache uzifungue tena.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako