Nyumba hukaguliwa siku ya kuingiziwa umeme, kisha basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloninyima usingizi. Mimi ni fundi umeme. Nilisomea VETA, na kazi hii nimeifanya miaka 22, sehemu kubwa hapa Temeke.

Wiki mbili zilizopita niliitwa Tandika kubadilisha soketi iliyoungua katika nyumba ya wapangaji yenye vyumba sita. Nikiwa natoa vifaa vyangu, nikamwona mama mmoja anavaa kandambili kwanza ndipo afungue friji lake. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Linapiga shoti, fundi. Tangu Ramadhani. Sisi tumeshazoea, watoto tu ndio tunawakataza wasiliguse."

Nikapima kati ya bodi la friji na ardhi: volti 160. Soketi nikaiacha, nikaufuata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, hadi uani. Ulikuwa umekatwa. Mwaka juzi waliweka pevingi, na waliokuwa wanachimba waliuona waya unatokeza, wakaukata na kufukia. Ndani taa ziliendelea kuwaka. Ethi ikikatika hakuna kinachozimika, kwa hiyo hakuna anayejua mpaka mtu arushwe.

Kwenye boksi la breka nikakuta breka ya ampea 32 imefungwa kwenye waya wa milimita 1.5, waya wa taa ule. Wapangaji wakaniambia breka ya zamani ilikuwa inakata kila wakipika, ndipo fundi mmoja akawawekea kubwa. Kweli, sasa haikati. Joto limehamia kwenye waya, ndani ya ukuta na juu ya dari, na soketi ile niliyoitiwa ilikuwa imeanza kutoa taarifa.

Nilipompigia mzee mwenye nyumba aliniuliza, "Lakini umeme si unawaka?" Simlaumu hata kidogo. Nyumba yake ilikaguliwa mara moja tu: mkandarasi mwenye leseni aligonga muhuri wake kwenye mchoro, TANESCO wakaja wakaunganisha. Tangu siku hiyo, kuanzia mita kuingia ndani ni juu yake mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia kwamba waya nao huzeeka. Wakati ule kulikuwa na taa, redio na pasi moja. Leo kila chumba kina friji, feni na jiko la umeme. Serikali imepanga ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona mama zetu wanavyoumia kwa moshi. Lakini majiko hayo tunayachomeka kwenye waya uleule wa zamani.

Gari tunalikagua na kulibandika stika wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Kule England, tangu 2020 sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aikaguze mifumo ya umeme angalau kila miaka mitano. Naiomba Wizara ya Nishati na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, tuanze na nyumba za wapangaji, hosteli na shule: kila miaka mitano fundi mwenye leseni apime ethi, apime waya kwa mega (kipimo kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme), akaze viungio, aangalie breka na waya kama vinalingana, kisha abandike karatasi yenye tarehe na jina lake pembeni ya mita. Kwa nyumba kama ile ni kazi ya nusu siku. Ethi mpya, waya na ufundi havikufika kodi ya chumba kimoja kwa miezi miwili.

Wakati tunasubiri, msomaji mwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile chenye kitufe cha herufi T, akibonyeze leo. Kisipokata, aite fundi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa amekubali nizungumze na wenye nyumba kwenye mkutano ujao. Nitakwenda na mega yangu, na kile kipande cha waya kilichokatwa.

Fundi umeme,
Temeke, Dar es Salaam