Yule kijana aliyeshika ngao pichani

Mhariri,

Ile habari yenu ya mwajiri aliyepewa ngao hotelini kwa "kuthamini tofauti za wafanyakazi" nimeisoma mara tatu: kwenye daladala, nyumbani, na mara ya tatu nikiwa nimeshakasirika. Gazeti lako nalinunua tangu enzi za shilingi 200 na sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo naandika kwa sababu yule kijana aliyeshika ngao, aliyesimamishwa mbele kabisa, namfahamu. Tunafanya kazi kiwanda kimoja. Mwandishi wako hakumuuliza swali hata moja, na angemuuliza asingejibiwa kwa mdomo, maana ni kiziwi.

Kiwandani anaitwa Bubu. Si kwenye utani wa chai ya saa nne tu. Orodha ya shifti iliyobandikwa ukutani imeandikwa hivyohivyo, Bubu, na sisi wengine tuna majina matatu matatu. Yeye ametushinda adabu, kila mmoja wetu kampa jina la alama. Langu ni kidole cha shahada kwenye mwanya wa meno. La msimamizi wetu ni kiganja kinachopangusa upara, ila hilo mwenyewe bado hajalijua.

Sasa sikia. Mwezi wa tatu tulifanyishwa zoezi la moto. King'ora kikalia, tukatoka mbio hadi kwenye kile kibao cha kijani karibu na geti, tukahesabiwa juujuu, msimamizi akasema tumetimia. Tumetimia wapi? Nikaangaza macho, simwoni. Nikarudi ndani. Nikamkuta kwenye mashine ya kushonea mifuko, mgongo kaupa mlango, unga umemjaa hadi kwenye kope, anaimaliza foleni ya mifuko iliyokwisha kujazwa. Aliyoishona ilikuwa imelala ovyo sakafuni kwa kukosa wabebaji. Baadaye alinieleza kwamba alidhani wamewahi chai. Nikamgusa bega, nikamchezeshea vidole kama ndimi za moto. Alikimbia hadi kandambili moja ikabaki ndani. Ungekuwa moto wa kweli, mhariri, leo mngekuwa mmeandika habari nyingine. Na bado hujasikia mwisho wake: siku ya pili akapewa barua ya onyo kwa "kukaidi amri ya usalama". Imechapwa, imesainiwa, imegongwa muhuri! Aliisoma mwenyewe, kwa kuwa anasoma vizuri kuliko wengi wetu, akaikunja, akanitazama, akagonga sikio lake mara mbili. Sikuwa na la kumjibu. Huyohuyo ndiye waliyemvalisha fulana mpya wakampandisha gari kwenda hotelini.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Sisi tumezidi 60, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Tunaye mmoja, naye anatunzwa kama zile sahani za kabatini: wageni wakija anatolewa, wakiondoka anarudishwa.

Na ninyi wa vyombo vya habari msijitoe. Jioni nyingine kijana huyu huja kwangu tukaangalia taarifa ya habari ya saa mbili. Mkalimani wa lugha ya alama wamemtia kwenye kisanduku cha ukubwa wa stempu, halafu tangazo la kubeti linapita chini na kumkata mikono kwenye viwiko. Mwanangu aliuliza yule dada anakuna nini. Je, wangethubutu kumpunguzia sauti msomaji habari ili tangazo la kubeti lisikike?

Dawa ipo na haihitaji semina. Kariakoo nimeulizia taa nyekundu ya kuzunguka, kama ya juu ya gari la zimamoto: shilingi 35,000. Iunganishwe na king'ora, ifungwe juu ya mashine ya mifuko upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna nguzo itamziba. Halafu CHAVITA, chama cha viziwi, waombwe mtu wa kuja kutufundisha alama, japo nusu saa kila Ijumaa, na msimamizi akae mstari wa mbele ajifunze jina lake. Wakisema fedha hakuna, zile fulana zilizoandikwa "Tofauti Zetu, Nguvu Yetu" zilinunuliwa kwa kokoto? Ya kwake anafutia mafuta ya mashine. Na kama bado hazitoshi, ngao ipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, bei ya kilo wanaijua wao.

Fundi wa kuifunga taa wasihangaike kumtafuta. Ngazi ipo stoo, na ufunguo wa stoo ninao mimi.

Mtunza stoo (jina nimekupa, usilichape)
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam