Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Jicho la Ng'ombe na Jicho la Bibi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ni Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Mifugo wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Tumetakiwa tueleze kazi za klabu kwa mwaka huu. Tumefanya mengi, lakini lipo moja lililotushika kuliko yote, na tunaomba utuvumilie tulisimulie kwa kirefu.

Mwezi wa tano mwalimu wetu wa baiolojia alikuja kutoka machinjioni na mfuko wa macho manne ya ng'ombe. Wapo waliotoka nje mbio. Tuliobaki tulilipasua la kwanza kwa wembe, na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa ngumu hata wembe ukateleza mara mbili kabla ya kupenya. Ukatoka ute mzito kama wa yai, kisha lenzi, mfano wa gololi iliyobinywa. Mwenzetu wa kidato cha pili akaisuuza, akaiweka juu ya kipande cha gazeti, na herufi zilizokuwa chini yake zikavimba. Darasa zima likanyamaza. Nyuma kabisa tukakuta utando unaong'aa kijani na buluu; huo ndio unaofanya macho ya ng'ombe yawake ukiyamulika tochi usiku. Binadamu hana utando ule. Konea, mboni, lenzi na retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, hivyo vyote anavyo.

Mheshimiwa, baada ya somo lile tulianza kusoma wenyewe, tukakuta kwamba jicho la ng'ombe limeshawahi kuwa mwalimu wa madaktari. Mwaka 1981, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, Marekani, wanasayansi watatu, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza, yaani mashine ya mwale mwembamba wa mwanga, ya aina ya eksima, ambayo mwanga wake ni wa urujuanimno na hauonekani kwa macho. Walijua kwamba inachonga plastiki. Wakataka kujua kama itachonga na mwili. Siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Srinivasan akaja kazini na mabaki ya bata mzinga wa nyumbani kwake. Wakayamulika. Leza ikachimba mfereji safi, pembeni hapakuungua.

Siri ni kwamba kila mpigo wa mwanga ule huvunja vifungo vya molekuli na kurusha tabaka jembamba kuliko unywele mara nyingi, kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Stephen Trokel, daktari wa macho wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipopata habari aliona konea mara moja. Mwaka 1983 matokeo ya majaribio yao yalichapishwa, na walichotumia kilikuwa macho ya ng'ombe, kama yale ya mfuko wa mwalimu wetu. Mwaka 1988 Dk. Marguerite McDonald akaitumia leza hiyo kwenye jicho la binadamu linaloona. Leo mamilioni ya watu wamerekebishiwa umbo la konea kwa njia hiyo na kuweka miwani kando. Wasichana wa klabu wanaomba tutaje pia kwamba mwaka 2018 Donna Strickland wa Canada alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa mbinu ya kutengeneza mipigo mifupi mno ya leza, ambayo nayo hutumika katika upasuaji wa macho. Kabla yake wanawake waliokuwa wameipata tuzo ya fizikia ni wawili tu.

Hapa tunaomba tukueleze habari ya bibi. Bibi wa mmoja wetu ana kisukari. Kwa muda mrefu alisema macho yanazeeka tu, akanunua miwani sokoni. Alikubali kwenda hospitali ya rufaa aliposhindwa kuchambua mchele, mawe akiyaacha na punje akizitupa. Akaambiwa kisukari kimeharibu mishipa ya damu kwenye retina, ikawa inavuja. Akatibiwa kwa leza, lakini ya aina nyingine. Mwanga wake hupita kwenye konea na lenzi kama jua linavyopita kwenye kioo cha dirisha, ukafike nyuma kwenye retina ndipo ufanye kazi. Ule wa eksima huishia kwenye konea. Kumbe rangi ya mwanga ndiyo inayoamua utafanyia kazi wapi. Hilo tulilisoma kwenye fizikia bila kujua linamhusu bibi.

Daktari alimwambia ukweli: leza italinda uoni uliobaki, ule uliokwisha kupotea haitaurudisha. Mheshimiwa, maneno hayo yametuuma. Angepimwa macho siku alipogundulika kuwa na kisukari, huenda leo angekuwa amekaa hapa akituona.

Tunajua elimu hii haiendi upande mmoja tu, kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Njia ya kukuza virusi kwenye seli ndani ya chupa iliwapa John Enders na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 1954, kwa kazi ya virusi vya polio. Njia ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia Walter Plowright, daktari wa mifugo, huko Muguga, Kenya, kutengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe. Wazee wetu wafugaji wanalijua jina hilo, maana sotoka ilimaliza mazizi. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufikia hatua hiyo baada ya ndui. Ng'ombe waliopona pale waliponea kwenye utafiti ulioanza kwa ajili ya watoto.

Kwa upande wetu, tumetengeneza hadubini ya ukutani. Tone la maji huning'inizwa kwenye ncha ya bomba la sindano, na leza ndogo ya mkononi hupita katikati yake ndani ya chumba chenye giza. Tone huwa lenzi. Tulichota maji ya lambo, yale yale wanayonywa ng'ombe na yanayochotwa kwa ndoo kwenda majumbani, na ukutani tukaona vivuli vya viumbe vikipigapiga na kuogelea, vikubwa kama viganja. Tangu siku hiyo wengi wetu tunachemsha maji bila kusukumwa. (Tunawasihi wadogo zetu: leza hiyo isielekezwe kwenye jicho la mtu wala la mnyama, hata kwa mchezo.)

Tulibuni kwa sababu ya shida. Hadubini ya shule ni moja, kioo chake cha chini kimepasuka, na foleni yake humaliza kipindi. Tunaomba mtusaidie kupata japo mbili. Tunaomba pia kliniki ya kisukari iwe na siku ya kupima macho. Sisi tuko tayari kupita nyumba kwa nyumba kuwaita wazee. Na kwa kuwa leo Mganga Mkuu na Afisa Mifugo mmekaa viti jirani, tunaomba mpange pamoja siku ya chanjo ya mbwa. Kati ya watu mia wanaopata kichaa cha mbwa, takriban 99 huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa ni nadra mno kupona. Mbwa wa vijiji vyetu tunawajua kwa majina, tutawaleta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza yetu ni ya tatu kutoka mlango wa maabara. Juu yake kuna jicho la ng'ombe la leo asubuhi, na wembe mpya. Hatujaligusa. Tunaomba ulipasue wewe, nasi tusimame kando tuangalie mkono wa daktari.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi