Shoga, ule ukuta usiujenge

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Tanga. Sisi wazima, ila joto la mwaka huu litatutoa roho. Ramani yako imefika. Tangu juzi iko mezani na kila nikipita naichungulia. Hongera kwa kiwanja, udogo wake usikutie unyonge. Ila nyumba ya mita 5 kwa 6 umeikatakata kama unagawa mirathi! Sebule, chumba, jiko, choo, stoo, halafu katikati korido ya mita 1 kwa 4. Hiyo korido peke yake ni mita za mraba 4 kati ya 30 zako zote, na hakuna atakayekaa humo, ni ya kupita tu. Kuta nazo zinakula. Tofali la inchi 6 ukilipiga plasta pande zote mbili linafika sentimita 18 hivi, kwa hiyo kila mita 3 za ukuta zinakumeza nusu mita ya mraba. Futa korido, futa stoo, na jiko liache wazi kwa sebule, litengwe na meza ya zege ya kimo cha kiuno. Moshi usikutishe, ya mkaa utapikia uani kama kila mtu, ndani ni gesi.

Unaikumbuka nyumba ya bibi yangu Unguja, Mji Mkongwe, ile likizo tuliyolala wanane chumba kimoja? Kile chumba kilikuwa chembamba. Mafundi wa zamani hawakuwa na hiari: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, basi chumba kikaongezwa urefu lakini upana ukabaki uleule. Mbona hatukuhisi kubanwa? Nimelifikiria sana jambo hili tangu nipate barua yako. Dari ilikuwa juu kabisa. Vitu vya bibi vilikaa ukutani, kwenye madaka, vile vishimo vya kuwekea vitu vilivyochimbwa ukutani: msahafu, kandili, vikombe vya kahawa, chupa za marashi. Chini kulikuwa na mkeka na kitanda, basi. Halafu ukikaa mlangoni unaona chumba cha pili, na mbele yake mwanga wa ua. Lamu nako nyumba za mawe ziko hivyo hivyo: vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na cha ndani kabisa kina ukuta mzima wa zidaka, yaani madaka madogo madogo, jicho linapenya mpaka huko.

Sasa ukuta wako wa tofali haukubali kuchimbwa daka, mwembamba. Lakini ule unaotenga chumba na sebule usiujenge kabisa. Mwambie seremala aweke kabati kutoka sakafuni hadi juu: nusu ifungukie chumbani kwa nguo, nusu sebuleni kwa vyombo na vitabu. Ukuta umepata, kabati umepata, na ile stoo hukuihitaji.

Mwambie fundi pia aongeze kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Kwa mzunguko wa mita 22 hizo ni tofali mia hivi, na unapata karibu nusu mita ya kimo. Usije ukaishusha dari tena kwa gipsamu ya ngazi ngazi! Mimi nilikubali, fundi akaniambia ndiyo ya kisasa, na sasa taa zinanigusa utosi na joto la bati linanilalia kifuani. Funga siling bodi tambarare, juu kabisa, na uache matundu chini ya paa joto litoke.

Madirisha: kila chumba kiwe na mawili yanayotazamana, au angalau kuta mbili tofauti. Kwako upepo wa kusi unatoka kusini mashariki na wa kaskazi kaskazini mashariki, kwa hiyo upande wa baharini ndio uwe na dirisha kubwa, na upande wa magharibi weka dogo au usiweke, jua la alasiri halina huruma. Na yale ya aluminiamu ya kuslaidi yasikudanganye. Unalipia dirisha zima, linafunguka nusu. Chukua ya kufungua nje, au ya vioo vya kupanga, upepo uingie wote.

Samani sitakuhubiria, maana mimi ndiye niliyenunua sofa seti ya watu saba kwa sebule ya futi 10 kwa 10. Ilibidi grili ing'olewe ndipo ziingie, na jirani wote walitoka kutazama. Nimebaki na moja, na nafasi niliyoipata sijaijaza.

Kabla hujachimba msingi, fanya hivi: chukua kamba na majivu, uchore nyumba nzima pale kiwanjani kwa vipimo vyake vyenyewe. Tandika mkeka wa futi tano kwa sita pale pa kitanda. Weka kiti pa kiti. Zunguka na ndoo ya maji mkononi, fungua mlango wa hewani uone unagonga wapi. Kama mlango wa choo unagombana na wa chumba, mmoja uwe wa kusukuma pembeni, au weka pazia. Pakikubana, sogeza majivu, hayana gharama.

Na mita 1 na nusu za mbele niachie baraza, yenye paa, hata ukipunguza sebule. Wageni wako wote watakaa hapo jioni, mimi wa kwanza. Ramani mpya niletee kwa simu, na bei ya tofali za huko uniambie, hapa zimepanda.

Msalimie mama. Mwambie chandarua nitakuja nacho mwenyewe.

Ni mimi shoga yako